Kamba Juu ya Ufa

Kila asubuhi Mutalemwa alipanda juu ya jabali kabla hata ya kunywa uji, na kila asubuhi roho ilikuwa juu juu. Alikwenda kuangalia kamba. Kamba yenyewe ilikuwa ya mgomba tu, kama ile ya kufungia mizigo, lakini uhai wa watu wake waliolala chini ya jabali uliitegemea: mama yake Kokwijuka, mkewe Kokushubila, na mtoto wa siku sita ambaye hata jina hakuwa nalo.

Aliyemwachia kazi hiyo ni Mzungu wa serikali, mpima miamba. Mutalemwa alikuwa amembebea nyundo miezi mitatu, kutoka Bukoba mpaka Muleba, akisikiliza maneno yake ya ajabu. Mzungu alisema pwani hii yote ya ziwa ilivunjika zamani, upande mmoja ukanyanyuka na mwingine ukazama. Ndiyo maana majabali yamesimama wima vile, na kokoto za ufukweni zinaokotwa mlimani, mahali ambapo hata bibi yake Mutalemwa hakuwahi kuona maji. Tena alisema ardhi haijamaliza. Watu walimcheka sana. Mutalemwa hakucheka, maana aliuona kwa macho yake ufa uliopita juu ya nyumba yao.

Kabla ya kupanda meli kwenda Mwanza, Mzungu alipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na Mutalemwa akafunga kamba kavu katikati, akaikaza.

“Ufa ukipanuka upana wa kidole, itakatika,” Mzungu alimwambia. “Ikikatika usimngoje mtu. Hama siku hiyo hiyo.”

Jumapili kamba ilikuwa nzima. Jumatatu Mutalemwa aliitazama kwa mbali, akaona ni nzima, akashuka upesi. Jumanne na Jumatano vivyo hivyo, ingawa ardhi ilikuwa ikitikisika kidogo kidogo na vibuyu vikigongana ukutani. Alhamisi ilitikisika akiwa mlangoni, akapanda mbio mpaka kifua kikamuuma.

Kamba ilikuwa nzima. Alipaswa kufurahi, lakini hakuiamini. Alipanua kiganja juu ya ufa. Siku ya kwanza kidole gumba na kidole kidogo vilifika kwenye vigingi vyote viwili, na leo havikufika. Ndipo akainama kulitazama fundo. Yeye alifunga fundo moja na kuchomeka ncha ndani, kama alivyofundishwa. Hili lilikuwa na vitanzi viwili, fundo la mtu aliyezoea kufunga ndizi katika majani ili azipike kwa mvuke.

Alimkuta Kokwijuka migombani, akipalilia kaburi la mumewe.

“Mama, ile kamba umeifunga mara ngapi?”

Mama hakuinua uso. “Nne. Kila alfajiri tangu Jumatatu, kabla hujaamka.”

“Nne! Unataka kutuua?”

“Ulisema ikikatika tunahama. Tukihama, tata yako aliyelala hapa anabaki na nani? Kibanja hiki cha migomba kikikosa mtu atapewa mwingine, na huyo mwingine atalima juu ya kaburi.”

Mutalemwa alimtoa mkewe nje, ingawa mwanamke aliyetoka kuzaa hapaswi kuonwa na jua kabla siku zake hazijatimia. Kokushubila alijifunika gubigubi, akimkumbatia mtoto. Kokwijuka alikaa kaburini, asisogee. Mutalemwa alimbembeleza, akampigia magoti, mwisho akamfokea kwa sauti ambayo mtu hamfokei mama yake. Wapi!

Basi alimnyang’anya mkewe mtoto, akampakatisha mama yake.

“Haya, kaa naye. Sisi tunakwenda.”

Akamshika Kokushubila mkono, akamvuta huku mke akipiga kelele. Si kwamba alikuwa jasiri. Alihesabu hatua ili asigeuke nyuma. Kwenye hatua ya ishirini alisikia mtu akihema nyuma yake. Kokwijuka alikuwa anakuja, mtoto kifuani.

Adhuhuri, wakiwa kwa jirani yao Rugaibula upande wa pili wa bonde, jabali lilishuka. Vumbi lilipotulia hapakuwa na nyumba, wala migomba, wala kaburi. Palikuwa na jiwe moja kubwa kuliko ile nyumba, na vifusi mpaka ziwani.

Kokwijuka alitazama mahali kaburi lilipokuwa.

“Sasa hakuna atakayemlima,” alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. “Lakini fundo la Jumatatu nililifunga ovyo. Wewe uliyefundishwa kupima hukuliona?”

Mutalemwa alitaka kusema hakuliona. Lakini alikuwa ameliona toka Jumatatu, hata kwa mbali, akajiambia labda alilifunga mwenyewe, kwa kuwa naye hakutaka kuhama, akashuka kunywa uji.

“Niliona, mama.”

Kokushubila, aliyekuwa akinyonyesha, aliwatazama wote wawili. Kisha akasimama na mwanawe, akaenda kukaa mbali nao.