Karatasi Haizidiwi

Kwa miaka kumi na mmoja Jucileide alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wa Alto da Jaqueira, huko kwenye vilima vya jiji la Recife, na kwa miaka hiyo yote aghalabu alikula chakula kimeshapoa. Kaya mia moja na hamsini zilikuwa mikononi mwake: kupima presha, kufuatilia wajawazito, kukumbusha chanjo. Kazi yenyewe haikumtisha. Kilichommaliza ni kuishi mlemle anamofanyia kazi. Watu walimsimamisha kwenye ngazi, wakamfuata kanisani, na bwana mmoja alimwonyesha jipu la mgongoni wakiwa kwenye foleni ya mikate. Hakumkatalia mtu. Aliona kukataa ni roho mbaya.

Jumatatu moja ya Machi alipanda ngazi mia mbili na kumi mpaka kwa Mama Erotildes, mshonaji mstaafu mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Akamfunga mkanda wa kipimo cha presha mkononi, akafungua daftari, akaandika.

"Umeandika ngapi?" bibi akauliza.

"Mia na thelathini kwa themanini, mama."

"Vizuri. Sasa hiyo pampu utaiminya lini?"

Jucileide akatazama kiganja chake. Kweli, hakuwa ameminya hata mara moja. Ile presha aliyoandika ilikuwa ya mwezi uliopita, au ya mtu mwingine kabisa, hakujua.

"Lete mkono," bibi akasema huku akijifungua mkanda. "Leo mgonjwa ni wewe. Minya, mimi nasoma kwenye kioo cha kipimo."

Ikaja mia na sabini na mbili kwa mia na tano. Wakapima tena. Ileile.

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

"Ukianguka kwenye ngazi zile, mwanangu, sisi wazee hatuna nguvu za kukubeba. Tutakuacha hapohapo."

Jucileide akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na Mama Erotildes akamwacha alie mpaka akamaliza.

Daktari wa kituo cha afya alimpa dawa na siku kumi za mapumziko. Tatu za kwanza alilala kama gunia. Ya nne aliamka kichwa kikiwa chepesi, akaanza kufikiri. Akirudi kuishi vilevile, siku kumi hizi zitamfaa nini? Hakutaka kuhurumiwa. Aliipenda kazi yake na alitaka kuifanya miaka ishirini mingine.

Aliporudi akawaita majirani kwenye ukumbi wa chama cha wakazi, akasimama mbele yao.

"Saa kumi na moja jioni kazi yangu imekwisha," alisema. "Maumivu ya kifua, uchungu wa kuzaa, mtoto anayeshindwa kupumua: ita gari la wagonjwa, halafu njoo unigongee, hata kama nimelala. Cheti, majibu ya maabara, dawa zilizokwisha: kituoni, saa mbili asubuhi."

"Makubwa haya," akasema Gilvan, fundi wa friji, kutoka nyuma. "Dada yetu kawa waziri."

"Waziri ana dereva, Gilvan. Mimi nina ngazi."

Ukumbi mzima ukacheka, na waliocheka ni kama waliokwisha kukubali.

Jumatano jioni alishuka dukani kwa mzee Valdomiro, ambako wanaume hucheza domino. Marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha, lakini tangu aanze kazi hakuwa amegusa kete. Akavuta kiti bila kuomba. Wakatazamana, wakamgawia. Kufikia mchezo wa tatu alikuwa anawachapa.

"Huyu anachungulia kete zetu," mzee Valdomiro akanung'unika.

"Za nini? Nyuso zenu zinanitosha."

Hapo Gilvan akafika, akaiweka bahasha ya maabara katikati ya meza. "Dakika moja tu, dada. Niangalizie kama ni mbaya."

Mkono wa Jucileide ulikwisha kunyooka nusu kabla hajauzuia. Ile sauti ya zamani ilimwambia moyoni kuwa hii ni roho mbaya. Akamtazama Gilvan vizuri: amesimama imara, anatafuna karanga.

"Unaumwa sasa hivi?"

"Hapana."

"Basi kesho saa mbili. Karatasi haizidiwi, Gilvan. Toa bahasha, umefunika kete."

Gilvan akaichukua, akaenda zake amenuna. Jucileide akacheza zamu yake.

Asubuhi Gilvan ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya kituo, salamu yake ya mkato. Jucileide alikuwa amelala kwa saa saba nzima, akala kuskusi ya mahindi na yai akiwa ameketi. Aliisoma ile karatasi mstari kwa mstari. Karibu na mwisho, sukari ilikuwa imepanda, kidogo tu, kiasi cha kurukwa na jicho lililochoka. Akamuuliza anakunywa nini kutwa. Gilvan akakiri kwamba kila nyumba anakotengeneza friji hupewa soda, naye huona aibu kukataa.

"Naijua aibu hiyo," Jucileide akasema, akampeleka kwa muuguzi.

Alipotoka, Gilvan aliuliza, "Jana pale mezani ungenisomea hivi?"

"Jana ningekwambia uko sawa, uniondokee."

Gilvan akatikisa kichwa, akaikunja karatasi. "Na mama yangu je? Utampitia lini?"

"Kwenu ni Ijumaa, saa nne. Mwambie asitoke."