Loki ya Kushoto

Mtaa mzima ulilijua lile gari kwa jina la Bi Mkubwa, na mke wa seremala alishawaambia mashoga zake kwamba yeye hakuolewa peke yake. Mumewe alilikuta limelala kwenye nyasi nyuma ya ghala, gari kuukuu la kupita porini lililomzidi umri, akalikokota mpaka nyumbani, na tangu hapo kila Jumamosi alishinda uvunguni mwake. Alilinyanyua kwa springi ndefu, akalivisha matairi mapana, akachomea bampa la vyuma, akapanga taa nne juu ya paa kama taji. Siku jeki ilipoteleza na kumvunja mkono wa kulia, majirani walisema Bi Mkubwa kachoka kutomaswatomaswa, na mwenyewe akacheka mpaka machozi.

Leo hakuna aliyekuwa na kicheko. Mtoto wao wa miezi saba alivuta pumzi kwa taabu, mbavu zikidumbukia ndani kila anapohema. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaambia kwa sauti ya chini kwamba anahitaji mashine ya hewa, kwamba mashine iko hospitali ya nyuma ya kilima, na kwamba wasingoje mvua ikatike. Barabara ile ikilowa haipitiki kwa gari la kawaida. Basi mke akakamata usukani, yeye aliyejifunzia kuendesha kwenye uwanja wa mpira, na mume akakaa kando yake, mtoto kifuani, mkono wa plasta umekakamaa kama ubao.

Katikati ya mwinuko gari likaanza kuserereka. Mke alivuta ile gia fupi ya kuyaunganisha magurudumu ya mbele, kama alivyoelekezwa, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba matope. Ya mbele yalitulia tuli, kama watu waliokuja kutazama tu.

"Loki," mume akasema. "Nimesahau loki."

Akamweleza harakaharaka. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kidude cha duara cha kuzungusha kwa mkono, na bila kukizungusha gurudumu haliungani na injini, hata uvute gia mpaka kesho. Mke akashuka. Cha kulia kilizunguka kwa vidole vyake tu. Cha kushoto kikagoma. Alikishika kwa ncha ya kanga, akakibana kwa koleo, akalisukuma koleo kwa bega, matope yamemfika magotini, mpaka kiganja kikachubuka. Alirudi dirishani na kuuliza kile kidude kilitiwa grisi lini.



"Sijawahi kukifungua," mume akasema. "Nilikuwa nashughulika na taa."

Maneno mke alikuwa nayo, ya mwaka mzima, ya kila Jumamosi moja moja. Lakini alipomtazama usoni aliona mwenzake keshajiambia yote. Tena mtoto alikuwa ameacha kulia, na kimya chake kilitisha kuliko kilio.

"Hiyo ya kulia peke yake haitoshi?" akauliza.

"Moja ikikataa, na ya pili haina kazi." Mume akaitazama mvua. "Chuma cha namna hiyo kinalegea kikipata moto. Sasa moto kwenye mvua hii tutautoa wapi?"

Mke akafungua mlango wa nyuma. Ndani ya kapu, chini ya nepi, kulikuwa na chupa ya chai imejaa maji ya moto, ya kukorogea maziwa ya safari nzima na ya kulala huko hospitali.

"Hayo ni ya mtoto," mume akasema.

"Najua ni ya nani."

Alipiga magoti, akaikinga mvua kwa mgongo, akamimina nusu, polepole, akizunguka ukingo wa chuma. Akabana koleo. Wapi. Akamimina yote yaliyobaki, mpaka tone la mwisho, na mvuke ukampanda usoni.

"Mke mwenzangu," alinong'ona, "nimekupa chakula cha mwanangu. Geuka sasa."

Kile kidude kikatetemeka, kikagoma, kisha kikalia taki.

Safari hii matairi ya mbele yaling'ata ardhi, na Bi Mkubwa akapanda akinguruma. Kwa ngurumo ile mama hakuweza kumsikia mtoto, wala hakuthubutu kuondoa macho barabarani.

"Anahema?"

"Anahema."

Alimuuliza kwenye kila kona, na kwenye kila kona alijibiwa. Mwisho, mapaa ya hospitali yalipochomoza ng'ambo ya bonde, aliuliza tena, na mume akaunyanyua mkono wa mkewe kutoka kwenye gia kwa ule wake mzima, akauweka kifuani pa mtoto.

Kifua kilipanda, kikashuka, kikachelewa. Kikapanda tena.

Mke akaurudisha mkono kwenye usukani, akakanyaga mafuta.