Haendi Mtu Bilashi

"Nani kakwambia utie saini?"

"Wewe, Ami."

"Mimi nlikwambia utie saini. Sikukwambia ujifunge."

 Maan kasimama naye nje ya mkahawa, Qurum, gari ya Msellem ndiyo kwanza inaingia barabarani, na ami yake Thabit anaitazama kama mtu aliyeachwa na ndege.

Mambo yalikuwa hivi. Maan ni beki, umri ishirini na tisa, asubuhi yumo ghalani Rusayl, jioni mpirani. Mkataba na timu yake ulikuwa unakwisha mwisho wa msimu. Msellem, mtu wa timu kubwa ya Sohar, akamfuata taratibu: tulia, usisaini kitu, msimu ukiisha unakuja kwetu bilashi, timu yako hailipwi kitu, na zile pesa ambazo tungewapa wao tunakutilia wewe mkononi. Beki anayegonga thelathini hanunuliwi. Huchukuliwa akiwa huru, au haguswi kabisa. Maan alijua huo ndio mlango wa mwisho. Alikuwa keshaanza kupanga na mkewe Ruba mtaa gani wa Sohar watakaa.

Kosa lake ni kumwambia ami yake. Lakini angefanyaje? Babake hayupo, na kwao mtu akija kumtaka mtu, hujisemei. Anakusemea mkubwa wako. Ami Thabit ndiye aliyewaoza mabinti wote wa ukoo, na kila mara mahari yalipanda kwa ujanja ule ule: kuwaonyesha wakwe kwamba nyumbani hapana haraka. Aliposikia neno bilashi, akaweka kikombe cha kahawa chini. Ukoo wao, akasema, haujawahi kumtoa mtu bilashi, hata yule binti yao Bakhita na ulimi wake mkali. Maan atie saini miaka mitatu na timu yake, hapo Sohar watajua wanamchezea nani.

Maan alijaribu kueleza. Mbele ya wazee waliojaa majlisi, maelezo yake yakaishia kwenye "labda". Siku ya pili akenda kusaini. Viongozi wa timu hawakuuliza hata swali, walimletea halwa.

Leo Ami Thabit kavaa kilemba chake cha harusini, kaja kupatana bei. Msellem kamsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwambia bei sasa wanaitaja viongozi wa timu yenye mkataba wake, nao wametaja ya kutisha. Kwa bei hiyo yeye anapata kijana wa ishirini na mbili, amchezeshe, halafu amuuze tena. Maan mkataba ukimwisha ana thelathini na mbili. Atauzwa kwa nani?

"Na hiyo bei," Ami akauliza, sauti imeshuka, "yetu sisi kiasi gani?"

"Yenu? Inakwenda yote kwa klabu yake, sheikh wangu."

Ami akamgeukia Maan kama kwamba yeye ndiye aliyeitunga sheria hiyo. Mahari ni ya mwenye kuolewa, nani asiyejua? Msellem akamaliza kahawa yake, akaaga, akaondoka.

Sasa wako juani, na hasira za Ami zishaanza kupoa. Kuna kitu kingine kinampanda usoni, kinafanana sana na fahari.

"Lakini kasema bei ya kutisha," akasema, akitengeneza kilemba. "Umemsikia? Kwetu hajatokea mtu wa bei hiyo. Ijumaa nnawaambia wote barazani."

"Basi ninunue wewe, Ami."

Maan akampa mgongo, akenda zake.