Ng'ombe Katika Ukoo wa Adamu

Mume wangu Wiebe ni mkaidi, na tangu tuoane ukaidi huo ameuita uaminifu. Hapa kwetu Iowa, Marekani, kila baada ya chakula sahani zinasogezwa, Biblia inafunguliwa, naye anasoma sura inayofuata. Si sura inayofaa, ni inayofuata. Tunaanzia Mwanzo, tunamalizia Ufunuo, tunarudi Mwanzo. Sheria za ukoma tumezisikiliza mbele ya pudini. Kisha anauliza swali moja la kutafakari, tunafumba macho, anaomba. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake aliyetoka Uholanzi.

Tangu mavuno yaliyopita, Wiebe haoni.

Hakuniambia. Niligundua siku alipomwaga mchuzi wa nyama pembeni ya sahani, akala viazi vikavu, akausifu mchuzi. Nikanyamaza, kwa sababu binti yetu Lorna alishasema: "Mama, siku baba akishindwa kusoma Biblia mwenyewe, mnahamia mjini kwenye nyumba ya wazee. Sibishani." Chumba chenyewe nilikiona. Dirisha lake linatazama magari ya wageni. Mimi nimezeeka katika jiko hili na sitaki kufa nikitazama magari ya watu.

Basi Wiebe alisoma kwa kichwa. Samweli ana visa, Wafalme wana vita. Hayo mtu huyakumbuka. Lakini baada ya Wafalme kinakuja Mambo ya Nyakati, sura kwa sura za majina matupu.

"Baba Lorna, leo tusome Zaburi," nilimwambia.

"Zaburi zina zamu yake."

"Tukiruka kidogo Mungu atakasirika?"

"Angetaka turuke, Jantje, angeruka mwenyewe."

Mficha maradhi kilio humuumbua. Yeye aliumbuliwa na Mambo ya Nyakati, tena Jumapili, Lorna akiwa mezani.

"Adamu, Sethi, Enoshi," akaanza, kifua mbele. Nuhu alimfikia salama. Shemu, Hamu na Yafethi nao wakapita. Halafu akakwama. Kidole chake kilitembea ukingoni mwa karatasi, pasipo na herufi.

"Na Yafethi akamzaa Hoekstra," akasema.

Sikuinua uso.

"Hoekstra akamzaa Dykstra. Na wana wa Dykstra ni Harlan, na Merle, na Klaartje."

Hoekstra na Dykstra ni koo za hapa kwetu, Harlan na Merle ni majirani zetu. Klaartje alikuwa ng'ombe wetu.

"Baba," akasema Lorna, "huyo Klaartje ni wa kabila gani?"

"La Yuda. Usikatize Neno." Akafunga kitabu. "Swali la leo: kwa nini Mungu anatunza majina ya watu ambao hawakufanya lolote?" Akafumba macho. "Tuombe."

Hapa mnielewe. Kwetu watu hawaambiani mambo. Ana kwa ana tunaongea mvua na mahindi. La moyoni unamwambia Mungu, kwa sauti, wenzako wakiwa wamefumba macho, na likishasemwa huko hakuna anayeligusa mezani. Hata kwamba Wiebe ananipenda nilijua hivyo: alimshukuru Mungu kwa ajili yangu mbele ya wageni, kisha akaomba chumvi.

"Bwana," akasema, "unisamehe. Nimemtia ng'ombe katika ukoo wa Adamu. Sioni. Kitabu hiki kwangu ni ukuta mweupe. Na umsamehe Jantje, anayejua tangu mavuno, na kila asubuhi anakisogeza kikombe mpaka kiguse vidole vyangu, akidhani sijui kwamba anajua."

Machozi yalinitoka, na hasira pia. Miezi yote hiyo mtu mzima ananiona naye haoni!

Amina haikuja. Ilikuja sauti ya Lorna, ambaye hajawahi kuomba kwa sauti mbele ya baba yake. "Bwana, mwambie baba najua tangu Krismasi. Alitusomea Samweli kitabu kikiwa juu chini. Nilikuwa nangoja aniambie. Mwambie mimi si polisi. Naogopa tu, nitakuja siku moja niwakute wote wawili chini ya ngazi."

"Bwana," akajibu Wiebe, "mwambie funguo za gari nitampa. Nyumba sitoki."

"Bwana, *bado anaendesha?*"

"Mpaka kanisani tu, Bwana. Barabara imenyooka, na Jantje hukohoa penye kona."

Macho nilikuwa nimefumba, lakini nilihisi Lorna amenigeukia. Nikaona sasa basi, tutahukumiwa wote wawili.

"Bwana," nikasema, na mezani kwangu sijawahi kuomba kwa sauti, "kukohoa nitaacha. Lakini macho ninayo mimi, na ngazi nitamshika mkono mimi. Kitabu nacho nitasoma mimi. Amina."

Amina ni ya Wiebe siku zote. Alifumbua macho yake yasiyoona, akatoa funguo za gari.

Lorna alipokea funguo, akazitia mfukoni. "Jumapili nitakuja kuwachukua," akasema. Ya mjini hakuyataja. Nikaivuta Biblia. Wiebe aliishikilia kidogo, akaiachia.

"Anzia Yafethi," akasema. "Bila kuruka."

Nilisoma sura nzima. Majina mengi niliyakosea vibaya sana, niliyasikia mwenyewe yakivunjika mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, Wiebe hakunisahihisha.