Kidole cha Kujaribia

"Mashine hii ina wazimu," nesi alisema, akikandamiza pamba kwenye kidole chake.

Fundi wa vipimo alitua begi lake mezani. "Wazimu gani, dada?"

"Inapandisha sukari. Kila asubuhi inapandisha."

Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Kabla ya kuita mgonjwa wa kwanza alijichoma mwenyewe, tumbo tupu, aone kama kipimo kinafanya kazi. Daktari wa zahanati alikuwa akiwafuatilia watu ambao sukari yao imepanda lakini haijafika kisukari, na mwenye kuwapima, kuwabembeleza na kuwagombeza alikuwa nesi. Kidole chake kilipoanza kutoa sita na ushee, akabadilisha vijiti vya kupimia. Akabadilisha betri. Akanawa mikono upya. Watu wa kazi hii ndivyo walivyo, jamani: mgonjwa akiwa na sita ni sukari, wao wakiwa na sita ni mashine.

Fundi alidondoshea mashine maji yake ya majaribio. Kisha akatoa nyingine, mpya, bado iko ndani ya nailoni.

"Lete kidole."

Sita nukta sita. Ya zamani nayo, sita nukta sita.

"Mashine hazina neno, dada," fundi alisema taratibu, akafunga begi lake bila kumtazama.

Nesi alibaki amesimama. Alimkumbuka mama yake, jinsi alivyomuuguza kisukari mpaka mama akakatwa mguu. Mama naye alikuwa akisema ni uchovu tu. Akazikumbuka soda za kufukuzia usingizi, zamu kwa zamu. Aliogopa. Lakini foleni ilikuwa imeshafika mlangoni, akaita.

Aliingia mama mshonaji, tepu ikining'inia shingoni kama kawaida.

"Leo nipime kiuno vizuri," alitania. "Unavuta tepu utadhani unafunga mzigo!"

"Na wewe usivute tumbo ndani. Hapa hatudanganyani," nesi alijibu. Aliwaambia wote hivyo, na leo sauti yake ilikuwa kavu.

Akamchoma. Tano nukta nne.

"Umeshuka, mama."

"Nisishuke, na ulivyonifukuza kwenye cherehani nikatembee! Nilikuchukia, nakwambia ukweli." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Mbona hivyo, mwanangu? Umechoka?"

"Nimechoka, mama." Nesi alitazama zile mashine mbili. "Na mimi ninayo."

"Una nini?"

"Hiyo hiyo yako. Sukari ya mlangoni mwa kisukari."

Mshonaji alizitazama naye. "Kwani wewe ulikuwa hujipimi?"

"Nilikuwa najipima kila siku."

Hapo machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Huko nje mtu alikohoa, mwingine akauliza kama wa ndani wamelala.

"Subirini!" mshonaji aliwapigia kelele. Akainuka kwenye kiti cha wagonjwa, akavuta tepu shingoni mwake. "Simama hapa. Fungua hilo koti."

"Mama, watu wanangoja."

"Wangoje. Nyanyua mikono."

Nesi akanyanyua. Tepu ilimzunguka kiunoni, imelala vizuri, haikukazwa wala haikulegea, na vidole vya mshonaji vikakutana mbele, juu ya kitovu.

"Sasa acha kuvuta tumbo," mshonaji alisema.

Nesi akatoa pumzi.