Tundu la Chini ya Boksi

Bibi yetu alikuwa hasemi na wachumba. Haikuwa chuki. Alisema marehemu babu alimpata kwa maneno matamu, kisha akakaa miaka yote ya ndoa akisubiri maneno hayo yageuke kitu, hata ndoo ya maji. Kwa hiyo alipobaki na sisi wajukuu aliweka sheria. Kijana akija kuposa, yeye hamsemeshi Bibi na Bibi hamsemeshi, mpaka akubaliwe. Ataangaliwa mikono tu. Pakiwa na neno la lazima, litapitia kwa Mjomba.

Kwa kazi hiyo Mjomba hakufaa hata kidogo. Ukimtuma kwa jirani akaombe ngazi, angeanza na afya ya jirani, aingie kwenye ubovu wa saruji ya siku hizi, asimulie mtu aliyewahi kuanguka darini, na mwisho arudi amebeba jembe. Lakini ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani, na cheo alikipenda.

Mchumba mwenyewe alikuwa fundi umeme. Mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kubana skrubu kwa midomo anapofanya kazi, kwa hiyo hata pale aliporuhusiwa kusema ilikuwa taabu. Alimtaka dada yangu. Dada naye alimtaka kuliko alivyoonyesha. Nililala naye chumba kimoja, nilijua.

Tuliishi kwa barafu. Nyuma ya nyumba palikuwa na chumba cha mashine, na asubuhi wauza samaki walikuja na masanduku yao kuchukua mapande. Mashine ilikuwa nzima. Kilichotusumbua ni boksi la umeme lililokuwa nje ukutani, lile lenye breka na kontakta ya kuwashia mota. Bahari ilikuwa nyuma ya ukuta wetu, na upepo wake ulileta chumvi kwenye kila kitu. Shuka zilikauka zikiwa ngumu, ungeweza kuziegemeza ukutani zikasimama. Boksi lilikuwa la chuma, na kutu ilikuwa imelila mpaka siku moja Mjomba alipofungua mlango wake, mlango ulibaki mkononi mwake. Ndani, shaba za waya zilikuwa zimeota ukungu wa kijani.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mjomba alilivika boksi mfuko wa nailoni, likatoka jasho ndani kama mtu aliyevaa koti la mvua juani. Dada alilipaka rangi ya mafuta, breka na vyote, hata ikawa hatujui ipi imewashwa na ipi imezimwa. Mimi nilifunga mlango kwa kamba. Angalau kamba haikushika kutu.

Ndipo Bibi akatoa mtihani. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, fundi amesimama mbele yake karibu amkanyage kandambili, na Bibi akamgeukia Mjomba.

"Mwambie huyo, akimtaka mjukuu wangu aniwekee boksi jipya. Likivuka mvua hizi mota haijazimika, tutaongea mambo ya harusi. Likizima, asionekane tena hapa. Mtu anayeshindwa kulinda boksi na upepo, mtoto wa watu atamlinda na nini?"

Mjomba akakohoa, akamgeukia fundi. "Bibi anakusalimia sana," alianza.

Fundi alisema amesikia. Mjomba akamwambia asubiri, ujumbe bado haujamfikia. Ikabidi asimame juani mpaka ulipomfikia, ukiwa na nyongeza kuhusu hali ya vijana wa leo.

Sitasahau alivyofanya kazi ile. Kwanza alilihamisha boksi kutoka ukuta wa nyuma akalipeleka ukuta wa pembeni, ambako upepo wa bahari haupigi moja kwa moja. Lilikuwa boksi la plastiki ngumu, lenye mpira kuzunguka mlango wote, na juu yake alijenga kipaa kidogo. Waya zote aliziingiza kutoka chini, kila mmoja ukipita kwenye nati yake ya plastiki inayoubana shingoni. Nje aliziacha zining'inie kidogo kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yakifuata waya yadondokee hapo kwenye tumbo lake yasiingie ndani. Skrubu zilikuwa za aina isiyoshika kutu. Vichwa vya waya alivipaka grisi maalumu, taratibu, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Kisha, kazi yote ilipokwisha, alichukua drili akatoboa tundu dogo chini kabisa ya boksi.

Tundu lile lilikuwa na maana yake, ingawa mimi nilikuja kuijua baadaye. Boksi hata ulifunge vipi, kuna hewa iliyobaki ndani. Mchana hewa hiyo hupata joto, usiku hupoa, na unyevu uliomo hugeuka matone, kama yale yanayojitokeza kwenye glasi ya maji baridi. Matone yakiteremka yanahitaji pa kutokea. Fundi alimwambia Mjomba amfikishie Bibi kwamba tundu la chini ni njia ya maji, mtu asilizibe. Ilikuwa sentensi fupi. Hata mwenye skrubu mdomoni aliimudu.

Mjomba aliupeleka ujumbe kwa moyo wote. Alianza na sifa za plastiki. Akaeleza kwamba bahari ni kitu kikubwa. Akamkumbusha Bibi boti moja iliyooza zamani, na mwenye boti, na wake za mwenye boti. Bibi alisinzia walipofika kwa mke wa pili. Alipozinduka Mjomba alikuwa anamalizia: "Na kwa hiyo, Mama, kila kitu kina njia yake." Bibi akasema sawa.

Jioni ile Bibi alikwenda kulikagua boksi kwa mikono yake, mimi nikimfuata na kiti. Aliupapasa mpira wa mlango. Alizivuta waya, hazikutikisika. Akasema kijana ana mkono, na kwa Bibi hiyo ilikuwa hotuba. Kisha kidole chake kikafika chini ya boksi, kikasimama. Akachuchumaa, akachungulia.

Nilijua sasa ataitwa Mjomba, na habari ya dada imekwisha. Badala yake Bibi aliangaza huku na huku kama mwizi wa kuku. Akanituma kipande cha sabuni. Akakikanda pamoja na uzi uliochomoka kwenye kitambaa chake cha kichwa, akalishindilia tundu, akalilainisha kwa dole gumba.

"Kijana kapitiwa," aliniambia. "Drili imemponyoka. Usimwambie mtu. Haipendezi akose mke kwa ajili ya kitundu."

Nilifurahi sana. Hata mimi niliona tundu chini ya boksi la umeme, na bahari ile pale, haliwezi kuwa jambo la makusudi. Na ndivyo nilivyojua kwamba Bibi amempenda. Usiku nilimwambia dada kwamba boksi limempendeza Bibi, basi. Dada akajifunika shuka mpaka kichwani, nikawa naisikia shuka inacheka.

Fundi alirudi kuangalia kazi yake akakuta tundu limezibwa. Alilitazama kwa muda. Alifikiri ni nyigu, wale wanaojenga kwa udongo, ingawa nilimwona akinusa kidole chake na kushangaa nyigu gani wanaonuka sabuni. Akalizibua kwa msumari, akapangusa boksi, akaenda zake. Kumwuliza Bibi hakuweza, na kumwuliza Mjomba alishajua kunavyokuwa.

Bibi alipoliona tundu liko wazi tena alisikitika, akasema sabuni imeyeyuka. Mara hii alichukua lami iliyobaki tulipoziba paa. Lami haiyeyuki.

Mvua zikaja. Fundi alipata kazi mbali kidogo na barabara zikaharibika, kwa hiyo hakuonekana, lakini mota iliendelea kunguruma kama kawaida. Kila mvua iliyopita Bibi alichangamka. Alianza kuongea na hewa. Alikuwa akimenya viazi anauliza, bila kumtazama mtu, hivi watu warefu namna ile nguo zao hushonwa wapi. Dada alikuwa anaitika moyoni. Mvua zikapungua, zikawa za kunyunyiza tu, na dada akaanza kuimba jikoni.

Asubuhi moja, wauza samaki wamejaa uani na masanduku yao, mota ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Fundi aliitwa. Alikuja amelowa matope mpaka magotini. Bibi alikuwa ameshaweka kiti chake mbele ya boksi, uso umemwanguka, na dada amesimama nyuma yake ameikamata aproni kwa mikono miwili. Fundi alizima umeme kwenye swichi kubwa, akaja kufungua mlango wa boksi. Maji yakamwagika kama beseni limepinduliwa, yakamkuta Mjomba ambaye alikuwa ameinama kuangalia kabla ya mwenye kazi. Ndani, kontakta ilikuwa imeota ndevu za kijani.

Bibi alilitazama boksi kama anamtazama mgonjwa aliyemlisha kwa mkono wake.

"Mwambie akusanye vifaa vyake," alisema.

Mjomba, maji yakimchuruzika, kwa mara ya kwanza maishani mwake alifupisha. "Kusanya vifaa."

Dada akageukia ukuta. Wauza samaki wawili watatu wakainamisha macho kwenye masanduku yao, maana hata wao walikuwa wanaifuatilia habari hii tangu mwanzo.

Fundi hakukusanya kitu. Alipiga magoti, akaingiza kidole chini ya boksi, akakwangua. Kidole kikatoka na lami. Akazitoa skrubu mdomoni moja moja, akazitia mfukoni, akampita Mjomba, akasimama mbele ya kiti.

"Bibi, hili tundu nani kaliziba?"

Mjomba alinyoosha mkono kuupokea ujumbe. Hakuna aliyempa.

"Mimi," alisema Bibi. "Tena mara mbili. Nilikuwa nakusitiri. Umeacha tundu chini ya boksi la umeme, na mimi na magoti yangu haya nachuchumaa kukufichia aibu, halafu unakuja kuniuliza kwa sauti hiyo?"

"Nililitoboa kusudi, Bibi. Maji yatoke."

"Maji yaingilie wapi, na kila mahali umepabana?"

Basi akamweleza, habari ya joto na baridi, na glasi ya maji baridi. Bibi akamkatiza, akauliza kwa nini hakusema. Fundi akasema alisema. Sote tukamgeukia Mjomba. Mjomba akaanza kukamua suruali yake kwa bidii, akasema ujumbe aliufikisha kamili, ila jambo la tundu lilikuwa kule mwishoni.

Bibi hakuridhika. Alisimama, akasogea mpaka kwenye boksi. Alitaka kujua, tundu linalotoa maji, litazuia nini kuingiza mjusi. Fundi akasema ni dogo mno. Bibi akasema mijusi huzaliwa wadogo. Fundi akacheka kidogo, akawasha tochi, akamulika nyuma ya kontakta, akaacha kucheka. Mjusi mchanga alikuwa pale, amekauka, mwembamba kama kipande cha karatasi.

Akakiri kwamba tundu lilitakiwa kuwekewa kipande cha wavu mwembamba. Hakuwa nao siku ile, akafikiri haina neno.

"Basi tumekosea wote," alisema Bibi. "Ila mimi nimekosea kwa wema."

Akanituma jikoni kuleta chujio la chai. Akalikata wavu wake mwenyewe, kwa mkasi, akampa. Fundi akaitoa lami yote, akaufunga wavu kwa ndani, akakausha boksi kwa kitambaa, akakwangua kijani kwenye shaba mpaka ikang'aa, akaweka kontakta nyingine aliyokuwa nayo kwenye mkoba. Muda wote huo Bibi alisimama begani kwake akimwelekeza namna ya kushika bisibisi. Walibishana juu ya grisi. Bibi alisema ni kidogo, fundi akasema ikizidi inakusanya mchanga. Bibi akamwita mbishi. Fundi akajibu, "Ndiyo Bibi," na hakuongeza grisi hata tone.

Dada alikuwa bado ametazama ukuta. Alisema polepole sana, karibu nisisikie.

"Bibi. Umemsemesha."

Bibi alimtazama fundi, akamtazama Mjomba. Nilimwona anafungua mdomo, na Mjomba akajinyoosha na suruali yake iliyolowa, tayari kutumwa. Dada hakugeuka, lakini mgongo wake ulikuwa umekakamaa kama mtu anayesubiri ndoo ya maji baridi.

Bibi akafunga mdomo. Akafikiri. Kisha akasema, na alimwambia fundi mwenyewe, machoni:

"Mtihani ulikuwa wa boksi lako. Lako lilikuwa na tundu. Hili lisilo na tundu lililozimika lilikuwa langu mimi. Mwambie mama yako aje tuonane. Na uje naye wewe, Mjomba asitumwe."

Mota iliwaka kwa mkupuo mmoja. Wauza samaki wakapiga masanduku yao kama ngoma, na Mjomba akaenda kubadili suruali, akilalamika kwamba nyumba hii siku hizi watu wanaongea ovyo ovyo.

Dada alichemsha chai akaileta uani. Chujio halikuwepo tena, kwa hiyo tulikunywa na majani yake, kila mtu akitema pembeni kwa adabu. Bibi alikuwa anamhoji fundi kama mama yake anasikia vizuri au naye ni mtu wa kimya. Jani la chai lilikuwa limemganda dada kwenye jino la mbele, anacheka mdomo wazi, na hakuna aliyemwambia.