Mkamwana Mnene wa Hadijah

Mama mkwe wangu Hadijah alipenda kunitembeza sokoni Koboko watu wanione. Mimba miezi minne, mashavu yamejaa, vidole vimevimba hadi pete haiingii, naye anawaambia wanawake wenzake, "Tazama! Kwangu mutu anakula." Kumbe chakula chenyewe hakinipiti kooni. Nasikia baridi juani, nasinzia na sufuria mkononi. Lakini nani aniulize hali, na mimi mnene namna ile?

Mimba ya kwanza ilitoka nikiwa na unene huohuo. Hii ya pili nilijipeleka mwenyewe kliniki, Arua. Mkunga mmoja, Ritah, alinipima uzito, akakunja uso, akanipapasa shingo, akanitoa damu. Majibu alinieleza bila kuzunguka: tezi ya shingoni imelegea, ndiyo maana mwili unavimba, na mimba inaweza kutoka tena. Akanipa vidonge vya kumeza kila asubuhi, kwa maji tu, kabla ya kula.

"Usiache hata siku moja," alisema. "Ubongo wa mtoto unategemea hivi."

Nikameza. Uvimbe ukapungua, usingizi ukanitoka, mtoto akaanza kunipiga mateke. Nilifurahi, jamani! Hadijah akanuna. Jirani alikuwa amemuuliza kisimani kama siku hizi ananinyima chakula.

Asubuhi moja nikakuta vidonge havipo.

"Mama, dawa yangu iko wapi?"

"Nimetupa ndani ya choo." Alikuwa anapepeta mbegu za simsim, hata hakuinua kichwa. "Ile iko dawa ya kukondesha mutu. Wewe nataka Koboko yote iseme bibi ya mtoto yangu iko na njaa?"

"Ilikuwa ya mtoto!"

"Mimi nazaa saba. Kidonge ilikuwa wapi?"

Nilimgeukia mume wangu, Shafiki. Mtu mzima na ndevu zake, akaangalia viatu vyake. "Sikiliza mama," akasema. Ptuu! Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye siku ile, hata kuliko mama yake.

Wakanikatalia nauli ya kurudi Arua. Koboko nikauliza kila duka la dawa, hakuna. Siku zikaenda, uvimbe ukarudi, kisha mateke yakakoma. Hapo sikuomba ruhusa ya mtu. Niliuza hereni zangu, nikafunga nguo kwenye kitenge na kuondoka kwenda Arua, Hadijah akinifuata hadi barabarani akipiga kelele kwamba namwaibisha.

Ritah alinilaza kitandani akatafuta moyo wa mtoto kwa kipimo chake cha kusikilizia. Kimya. Akasogeza upande mwingine. Kimya. Nilimwita Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Halafu ukasikika, mbiombio, nami nikalia kwa sauti mbele ya wodi nzima bila kuona haya.

Kesho yake mchana Hadijah akaingia na chupa ya uji wa maziwa. Hakunisalimia. Alianza na wagonjwa wengine, akiwasimulia jinsi anavyomtunza mkamwana wake mpaka amejaa hivi. Kisha akaja kwangu, akanyoosha mkono ashike tumbo. Nikausukuma.

Ritah alikuja upesi. "Huyu mama ni nani wako?"

Hadijah akatabasamu, akangoja nimtaje.

"Simjui," nikasema. "Mtoeni."